Mtoto anataka kurusha ndege ughaibuni: yajueni haya kabla ya kuuza shamba la miti

Kila tunapozungumzia ajira za nje ya nchi, kuna swali ambalo halikosi kurudi, iwe tuko Mufindi, Kilolo, Rungwe au Mbarali. Kijana amemaliza kidato cha sita, amefaulu fizikia na hesabu, na anataka kuwa rubani afanye kazi Dubai au Doha. Je, familia iuze shamba la miti imsomeshe? Katika makala hii tunaeleza rubani anapataje kazi nje ya nchi yake, na ni wapi pesa za familia zinaweza kupotea njiani.

Leseni hufuata ndege

Ukifika kiwanja cha Songwe, kilichoanza kutumika Desemba 2012, tazama herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege kuelekea mkiani. Ndege iliyosajiliwa Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Ethiopia ET, na ya Umoja wa Falme za Kiarabu A6. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kutambuliwa rasmi na nchi iliyosajili ndege anayoirusha.

Kwa hiyo Mkenya anayetaka kurusha ndege ya 5H lazima leseni yake ipite kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Mtanzania anayeajiriwa Dubai naye hupitia mamlaka ya kule. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana aliyesomea Afrika Kusini au Marekani: akirudi nyumbani, leseni yake haimruhusu moja kwa moja kurusha ndege yetu. Waulizeni TCAA mapema ni masharti gani yatamsubiri.

Saa za kuruka ndizo mtaji

Rubani hupimwa kwa saa alizoruka, na kila safari huandikwa katika daftari lake. Viwango vya kimataifa vinataka saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi. Leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, inayomwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, ni saa 1,500.

Hapa ndipo familia nyingi zinahitaji kupiga hesabu upya. Kijana anayetoka shule ana saa 200 hivi, lakini mashirika makubwa ya Ghuba yanapoajiri wageni hutafuta mtu mwenye saa nyingi zaidi, mara nyingi maelfu, tena kwenye ndege za jeti. Pengo hilo huchukua miaka kuliziba. Njia iliyozoeleka huanzia nyumbani, kwenye ndege ndogo zinazopeleka watalii katika viwanja vya vumbi kama Msembe ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Baadaye akipata nafasi huwa rubani msaidizi katika shirika la ndani, kisha ndipo hutazama nje. Ada ya shule si gharama ya mwisho, na cheti cha shule si tiketi ya Dubai.

Maisha ya kule

Mshahara wa Ghuba unavutia, na katika Umoja wa Falme za Kiarabu haukatwi kodi ya mapato. Lakini kibali cha kuishi kinategemea kazi. Mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya UVIKO-19, mashirika ya huko yalipunguza marubani, na mgeni asiye na kazi ilibidi afunge mizigo. Cheti cha afya nacho hupimwa upya kila mwaka, na rubani akishindwa, kazi husimama. Zamu pia hazijui sikukuu: msiba ukitokea Tukuyu, yeye anaweza kuwa angani kuelekea Asia.

Tusisahau upande wa pili. Rubani wa kigeni anayefanya kazi hapa kwetu huongozwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali chake cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, huweza kuongezwa, lakini jumla haivuki kikomo kilichowekwa na sheria. Mwajiri wake hutakiwa kuwa na mpango wa kumwandaa Mtanzania achukue nafasi hiyo. Maana yake, kiti cha kwanza cha kijana wenu huenda kiko hapa hapa nchini.

Kabla ya kutoa hela

1. Anzeni na afya. Kijana apimwe na daktari wa marubani aliyeidhinishwa na TCAA, kwa cheti cha daraja la kwanza, kabla ya kulipa ada yoyote. Macho, masikio na moyo vimewazuia wengi.

2. Hakikini shule. Waulizeni TCAA kama shule inatambulika. Ulizieni pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam.

3. Pimeni Kiingereza. Rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau kiwango cha 4 kati ya 6 cha kuzungumza na kuelewa.

4. Jihadharini na mawakala. Mtu anayeahidi kazi ya urubani nje kisha anaomba "ada ya usaili" itumwe kwa simu, msimpe. Ulizeni kwanza ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira kama wakala huyo amesajiliwa.

5. Someni mkataba mpaka mwisho. Baadhi ya mashirika hulipia mafunzo ya kurusha aina fulani ya ndege, lakini rubani akiondoka kabla ya miaka waliyokubaliana, hudaiwa gharama hizo.

Kipimo cha afya kinagharimu sehemu ndogo sana ya ada ya urubani. Kijana apimwe kwanza, majibu yaje, kisha familia ikae na kuzungumza habari za shamba.