Kiyoyozi cha Kudumu katika Nchi za Hari

Mwishoni mwa mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat, bandari ya wavuvi iliyoko kusini-mashariki ya Maskati baina ya bahari na majabali, vipimo vya hali ya hewa vilionyesha jambo ambalo halikuwa limepata kuandikwa kabla ya hapo: kwa muda wa saa 24 kamili, mchana na usiku, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Wengi walioisikia habari hiyo waliwafikiria wanadamu waliokesha katika fukuto lile, na ilikuwa haki wafikiriwe. Lakini kwa mtu anayetaka kununua kiyoyozi cha nyumbani katika nchi ya Omani, au katika nchi nyingine yoyote ya Ghuba, kuna jambo la pili la kuzingatia, nalo ni kwamba mashine zilizokuwa juu ya mapaa na kutani hazikupata usiku ule hata saa moja ya nafuu, bali zilitaabika alfajiri kama zilivyotaabika adhuhuri.

Mwenye kuingia dukani, fedha yake mkononi na watu wa nyumbani wakimsubiri, aghalabu huuliza kwanza jina la kampuni, kisha bei. Ndugu zetu waliohamia Maskati kutoka Unguja na Pemba, na watoto wao waliozaliwa huko wakakua na Kiswahili nyumbani, hupeana nasaha kwa namna hiyo hiyo: chukua ya Wajapani, iache ya fulani. Nasaha hizo zina ukweli kiasi, kwani ziko kampuni zinazoitunza kazi yao kuliko nyingine. Ila kampuni moja hiyo hiyo huweza kutengeneza mashine ya nchi za wastani na mashine ya nchi za hari, nazo zikafanana kwa nje hata mnunuzi asiweze kuzitenga. Kwa hiyo linalostahili kuulizwa kabla ya jina ni hili: mashine hii ilipimwa katika joto la kiasi gani, na hapo nitakapoiweka joto litapita kipimo kile kwa kadiri gani?

Ili uzito wa swali hilo ufahamike, yafaa tukumbuke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba yake mna gesi ambayo, ikifika katika koili ya chumbani hali ya kuwa majimaji, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko hulinyonya joto la hewa ya chumba. Mvuke huo huvutwa na kompresa, ukakandamizwa mpaka joto lake likapita joto la hewa ya nje, kisha ukapelekwa katika koili ya nje ambako feni huupulizia hewa, ukatoa joto lake ukarudi kuwa majimaji, ukapenyezwa katika njia nyembamba unapopoa ghafula, na safari ikaanza upya. Sharti la mwendo wote huu ni moja: joto haliendi kwa hiari yake ila kutoka palipo moto zaidi kwenda palipo moto kidogo, na kwa sababu hiyo koili ya nje lazima iwe na joto kuliko hewa inayoizunguka, kwa nyuzi 10 au 15 hivi. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 35, koili itakuwa na 45 au 50, na kompresa itaimudu kazi hiyo. Ikiwa na 48, koili huweza kupita 60, na kila uzi unaoongezeka ni mzigo juu ya kompresa, ambayo hula umeme mwingi zaidi na kuhamisha joto kidogo zaidi saa ile ile ambayo nyumba inaihitaji baridi zaidi.

Kiyoyozi cha kwanza cha namna tuijuayo leo kilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha kupigia chapa huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi, na kwa muda mrefu baadaye ilimu hii ilikua katika nchi ambazo nyuzi 35 ni siku ya kusimuliwa. Alama ya nasaba hiyo ipo mpaka leo katika kanuni za kimataifa za upimaji, yaani kanuni iitwayo ISO 5151, inayozigawa hali za hewa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, T1, ndilo la nchi za wastani, na mashine yake hupimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 35. Fungu la pili, T2, ni la nchi za baridi. Na la tatu, T3, ni la nchi za hari, ambalo kipimo chake ni nyuzi 46. Zaidi ya hayo iko mitihani ya mwisho wa taabu, ambamo mashine huendeshwa katika joto kuu kuliko yote ili ionekane kama itastahimili bila ya kuzimika: kwa T1 ni nyuzi 43, na kwa T3 ni 52. Sasa mtazame mwananchi wa Ibri huko Omani, au wa Kuwait, ambako kituo cha Mitribah kilipima nyuzi 53.9 mwezi wa Julai 2016, akiwa amenunua mashine ya T1 kwa sababu ilikuwa rahisi: amenunua chombo ambacho hata mtihani wake mkuu haukufika kwenye joto la alasiri za kawaida za kiangazi chake. Kitapoza mwezi wa Machi, kitapoza Aprili, na mwezi wa Juni kitaanza kuzimika chenyewe, kikiwaka na kuzima, mpaka kitu kimoja ndani yake kiungue.

Basi hebu tazama kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje, si karatasi ya tangazo iliyoko mbele ya duka. Itafute alama ya T3, kisha utafute uwezo wake wa kupoza katika nyuzi 46, kwa maana uwezo uliopimwa katika 35 hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukifika huko. Ile namba ya ufanisi wa msimu mzima inayosifiwa sana na wauzaji nayo isikupoteze: huko Marekani, mathalan, msingi mkubwa wa kipimo hicho ni hewa ya nje ya nyuzi 28 hivi, ambazo mtu wa Maskati huziona katika majira yake ya baridi.

Gesi nayo ina neno. Kila gesi ina kikomo cha joto ambacho ikikipita haiwezi tena kugeuka majimaji, hata ikikandamizwa vipi, na kadiri koili ya nje inavyokikaribia kikomo hicho ndivyo mashine inavyodhoofika. Ile ya kale, R-22, kikomo chake kilikuwa kama nyuzi 96, na ndiyo sababu mafundi wazee wa Ghuba huisifu mpaka leo. Lakini iliharibu tabaka ya ozoni, na mkataba wa Montreal wa 1987 umeiondoa hatua kwa hatua. Iliyoirithi, R-410A, haidhuru ozoni, ila kikomo chake ni kama nyuzi 71 tu, nayo ikivuja hulipasha joto anga takriban mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa. R-32, ambayo sasa imeenea madukani, ina kikomo cha nyuzi 78 na madhara yake kwa anga ni kama theluthi moja ya hayo, ingawa huweza kushika moto kidogo na hutaka fundi anayejua hivyo. Mataifa yalipokutana Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, kuafikiana juu ya kuzipunguza gesi hizi, nchi za Ghuba ziliwekwa katika kundi la mwisho, litakaloanza kuwekewa mipaka mwaka 2028, na nchi zenye hari kubwa, Omani ikiwa miongoni mwake, zikaachiwa nafasi ya pekee. Wajumbe walitambua kuwa hari ni udhuru wa kweli. Kwa mnunuzi wa leo, mimi ningechagua R-32 ndani ya mashine ya T3.

Kinachoiua mashine aghalabu ni kitu kidogo. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata nusu ya umri wa nyaya za mota, na kadhalika wa kapasita, kile kikebe kidogo kinachoisaidia kompresa kuwaka. Mashine mbili za siku moja, moja kivulini na moja ukutani upande wa magharibi juani, hazitazeeka pamoja. Lakini kivuli kisiwe kifungo: kuiingiza mashine ndani ya kijichumba chembamba, au kuzipanga tano moja juu ya nyingine katika uwazi mwembamba kati ya majumba, ni kuifanya ivute tena hewa ile ile ya moto iliyoitoa, na hapo hata T3 haitafaa kitu.

Pwani ina adui mwingine, nao ni chumvi. Mabomba ya shaba yaliyovikwa mapezi ya alumini, yakipata umande wenye chumvi wa usiku wa bahari, huanza kulana madini kwa madini, na mapezi yakageuka unga mweupe unaomomonyoka kwa kidole. Anayekaa Sur au Batina na atafute koili iliyopakwa rangi ya kinga kiwandani, na aioshe kwa maji matamu mara kwa mara, kwa mkono mwepesi. Anayekaa bara, Nizwa au ng'ambo ya majabali, chumvi haimhusu. Kwake vumbi ndilo la kupiganiwa, na kuosha ni kule kule.

Juu ya ukubwa, watu hudhani kubwa ndilo salama. Tani moja ya kiyoyozi, yaani joto linalotosha kuyeyusha tani ya barafu kwa saa 24, ni kama kilowati 3.5, na mashine iliyozidi tani zinazohitajika hupoza chumba upesi, ikazima, ikawaka tena, kila mara ikipitia saa ya kuwaka ambayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na unyevu ukabaki hewani. Mashine ya inveta, inayopunguza mwendo badala ya kuzima, huepuka adha hiyo, na kwa chumba cha kulala kinachopozwa usiku kucha naiona ina faida yake. Ila kadi yake ya umeme hukaa nje katika hari, ni ghali, na haitengenezwi na kila fundi, kwa hiyo dhamana ya kadi iandikwe mbali na dhamana ya kompresa. Kwa majilisi inayofunguliwa kwa muda wa saa tatu tu jioni kwa ajili ya wageni, mashine ya kawaida ya T3 yatosha.

Mwisho ni fundi. Hewa na unyevu uliobaki ndani ya mabomba wakati wa kufunga huchanganyika na mafuta ya kompresa na, kwa joto kali, kuzaa asidi inayotafuna nyaya polepole kwa miaka miwili au mitatu, kisha lawama ikapewa kampuni. Dawa yake ni pampu ya kunyonya hewa, iendeshwe mpaka kipimo kionyeshe kuwa mabomba yamekauka. Wako wanaoiruka kazi hiyo wakapuliza gesi kidogo kuisukuma hewa nje, hususan mwezi wa Juni, wanaposubiriwa na nyumba kumi. Ndiyo maana wakati mwema wa kununua ni Januari au Februari: fundi ana nafasi ya kuingoja pampu yake, duka lina mashine za kuchagua, na mwenye nyumba ana wiki kadhaa za kuisikiliza mashine yake na kumwita fundi arudi kabla ya Mei kuingia.