Kusimama kwenye bariere: kazi ya wasindikizaji wa makanisa Palestina



Baada ya ibada moja ya maombi, mama wa jumuiya yetu alitungoja mlangoni. Akauliza: "Mchungaji, tunaombea Yerusalemu kila juma. Hao Wapalestina tunaowasikia kwenye redio, je, kuna Wakristo kati yao? Na makanisa yanafanya nini kule?" Tulimjibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Lakini swali lake lilitubaki moyoni, na tumeona inafaa kulijibu vizuri, maana wengi wetu tunalo.

Jibu la kwanza ni ndiyo. Katika Bethlehemu, Beit Jala, Beit Sahour, Ramallah na Yerusalemu yenyewe kuna Wapalestina Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana. Ni wachache kati ya Waislamu wengi, lakini Kanisa halijakoma katika nchi hiyo tangu wakati wa mitume. Jibu la pili linahitaji maelezo zaidi.

Bariere ya kule

Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa neno bariere. Tunajua kamba iliyovutwa kati ya miti miwili, kijana mwenye bunduki, na mama aliyebeba mihogo akitafuta pesa ya kupita. Bariere ya Palestina ina sura nyingine. Mara nyingi pale hawadai pesa. Wanadai karatasi, na karatasi hiyo huitoa jeshi.

Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi katika vita ya Juni 1967, na mpaka leo jeshi lake linatawala pale. Mwaka 2000 yalianza machafuko makubwa ya pili. Wapalestina wengi waliuawa na jeshi, na Waisraeli wengi, raia wa kawaida, waliuawa na mabomu ndani ya mabasi na mahoteli. Mwaka 2002 Israeli ikaanza kujenga ukuta, ikisema ni kwa ajili ya kuzuia mashambulizi hayo. Lakini sehemu kubwa ya ukuta haikufuata mpaka, ilipita ndani ya ardhi ya Wapalestina. Ndiyo sababu tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa maoni kwamba kuujenga katika ardhi iliyokaliwa ni kinyume cha sheria ya kimataifa.

Kwa hiyo mkulima anaweza kuwa na nyumba upande huu na mizeituni yake upande ule. Ili afike shambani anahitaji kibali, na geti hufunguliwa kwa saa zilizopangwa tu. Mgonjwa anayetaka hospitali ya Yerusalemu anahitaji kibali. Mkristo wa Bethlehemu anayetaka kusali Pasaka kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, mwendo wa kilomita kama kumi tu, naye anahitaji kibali. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia misaada ilihesabu vizuizi zaidi ya 800 vya kila aina katika Ukingo wa Magharibi: vituo vya askari, mageti, marundo ya udongo na mitaro iliyokata njia.

Wanaosimama na kuhesabu

Viongozi wa makanisa ya Yerusalemu waliomba ndugu zao wa dunia wasiishie kutuma barua za pole, waje wakae nao. Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaitikia, na mwaka 2002 likaanzisha mpango wa kiekumeni wa kusindikiza watu Palestina na Israeli, unaojulikana kwa herufi EAPPI. Wazo hilo halikuwa geni kwa Afrika: mwaka 1992 makanisa yalikuwa yametuma waangalizi Afrika Kusini, wakati watu walipokuwa wakiuana huku utawala wa ubaguzi unaelekea mwisho.

Wasindikizaji ni watu wa kujitolea: walimu, wauguzi, wastaafu, wanafunzi, wachungaji. Hukaa kama miezi mitatu katika timu ndogo, wakivaa kizibao chenye alama ya mpango wao. Hawabebi silaha.

Tuchukue mfano wa kituo kinachoitwa 300, kati ya Bethlehemu na Yerusalemu. Kwa miaka mingi wafanyakazi walifika pale kabla ya saa kumi za alfajiri, maelfu yao, wakasongamana katika njia nyembamba yenye vyuma pande zote kama zizi. Kisha wakapita kwenye mlango wa chuma unaozunguka, mashine ya kupima vyuma, na dirisha la kuonyesha kibali na alama za vidole. Msindikizaji alisimama pale gizani. Alihesabu waliopita kila nusu saa, akaandika madirisha mangapi yamefunguliwa, nani amerudishwa, na kama geti la wazee, wanawake na wagonjwa limefunguliwa au la. Geti likibaki limefungwa, alipiga simu kwa ofisi ya jeshi inayopokea malalamiko. Siku nyingine mtu alitumwa kulifungua. Siku nyingine hakuna aliyekuja.

Wengine husindikiza watoto wanaopita mbele ya askari kwenda shule, au hukaa na wakulima kwenye mageti ya mashamba wakati wa kuvuna zeituni.

Hata Waisraeli wenyewe wamo katika kazi ya namna hii. Tangu mwaka 2001 wanawake wa Israeli wa kundi la Machsom Watch huenda kwenye vituo, hutazama na kuandika wanayoyaona askari wa taifa lao wakiyafanya. Machsom kwa Kiebrania maana yake ni bariere.

Je, wanaegemea upande?

Swali hili huulizwa sana. Wasindikizaji hujibu kwamba hawachagui taifa la kupendelea, lakini hawawezi kukaa katikati mbele ya haki za mtu na sheria ya vita. Serikali ya Israeli haikubali jibu hilo, na watu kadhaa wamezuiwa kuingia. Desemba 2016 alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Tel Aviv Profesa Isabel Apawo Phiri wa Malawi, aliyekuwa mmoja wa makatibu wakuu wasaidizi wa Baraza hilo.

Hali ikawa ngumu zaidi baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas ilipoua watu wapatao 1,200 Israeli na kuchukua mateka, na vita vya Gaza vikafuata na kuua makumi ya maelfu. Wafanyakazi zaidi ya 100,000 wa Ukingo wa Magharibi waliokuwa na vibali, karibu wote walifungiwa njia. Mistari ya alfajiri ilipungua, lakini si kwa sababu mlango umefunguka.

Kutazama kunafaa nini?

Tukubali ukweli: msindikizaji hawezi kuondoa bariere. Hawezi kumwamuru askari. Mtu atauliza, basi anafanya nini pale?

Tusome tena Injili ya Mathayo 27:55-56. Wanawake waliomfuata Yesu kutoka Galilaya walisimama kwa mbali wakitazama. Hawakuweza kumshusha msalabani. Lakini hawakuondoka. Na kwa sababu hawakuondoka, walijua alipozikwa. Na kwa sababu walijua alipozikwa, siku ya tatu walikuwa wa kwanza kusikia habari ya ufufuo. Imani yetu inasimama juu ya ushuhuda wa watu ambao siku ya Ijumaa hawakuwa na uwezo wowote ila kubaki pale.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zetu mambo mawili. Kwanza, tusichanganye Israeli ya Biblia na serikali yoyote ya leo, kana kwamba kumpenda Mungu kunatudai tusimwone Mpalestina. Wala tusimchukie Myahudi: Bwana wetu alizaliwa Myahudi, na mama wa Kiyahudi aliyempoteza mtoto analia kama mama wa Gaza. Pili, tujiulize nani anasimama kwenye bariere zetu wenyewe. Mama wa mihogo anapozuiwa barabarani, je, kuna mzee wa kanisa anayejua jina lake, siku, na kiasi alichonyang'anywa? Panapo hatari, hekima itangulie. Lakini palipo na nafasi, kuandika tu kilichotokea ni huduma.

Juma lijalo, tukiombea Yerusalemu, tumwombee pia yule anayengoja kibali cha kwenda kusali humo. Mama aliyetuuliza swali ameshakubali kuongoza maombi hayo.