Taa za Usiku katika Mashua za Vyama: Namna ya Kuzibadili na Kuzifungia Waya

Vijiji vya mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, toka Matema wilayani Kyela hadi Lupingu na Manda wilayani Ludewa (wilaya iliyokuwa katika Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012), vimekaa chini ya Milima ya Livingstone. Milima hiyo imeshuka hadi majini, na kwa sababu hiyo njia ya watu na mizigo kwa sehemu kubwa ni ziwa lenyewe. Hata vyungu vya Wakisi wa Ikombe hufikishwa Matema kwa mitumbwi. Chama chenye mashua katika sehemu hizo kimekabidhiwa mali ya wanachama pamoja na maisha yao.

Ziwa hilo hupitiwa pia na meli, zikiwamo MV Njombe na MV Ruvuma zilizojengwa Itungi, Kyela. Usiku nahodha wa meli hawezi kuiona mashua ya mbao isiyo na taa, na hata rada huiona kwa shida. Yafaa basi kila chama kifahamu taa hizo zina kazi gani na hufungwaje.

KAZI YA TAA

Taa hizi hazikuwekwa ili kumwangazia nahodha njia. Zimewekwa ili chombo kingine kijue kwamba hapo pana mashua, na kwamba inaelekea upande fulani. Mpangilio unaofahamika na manahodha ni ule wa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977.

Mashua iendayo kwa tanga huwa na taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe katika tezi, yaani nyuma. Kila taa ya ubavuni huangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Ile ya tezi huangaza nyuzi 135 zilizobaki. Mashua isiyofikia mita 20 yaweza kuziunganisha zote tatu katika taa moja juu ya mlingoti.

Aonaye nyekundu peke yake hujua kwamba mashua inapita kuelekea kushoto kwake. Aonaye kijani, kulia kwake. Aonaye zote mbili hujua inamjia moja kwa moja. Kwa hiyo fundi akibadilisha pande kwa makosa, taa zitamdanganya nahodha wa meli, naye aweza kugeuza chombo chake kuelekea palepale alipotaka kupakwepa.

Mashine ikiwashwa, hata kama tanga limetwekwa, mashua huhesabiwa kuwa chombo cha mashine. Ikiwa haifikii mita 12, iwashe taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na zile za ubavuni. Taa ya pamoja ya mlingotini izimwe. Chombo cha tanga kisichofikia mita 7, kama kilivyo vyombo vingi vidogo vya wavuvi, kikishindwa kufunga taa hizo hakina budi kuwa na tochi au taa nyeupe tayari, ya kuonyeshwa mapema. Wavuvi wa Bwawa la Mtera, upande wa Iringa, nao wafuate mfano huo.

Karabai na taa za sola za kuvulia usipa si badala ya taa hizi. Hazielezi chombo kinaelekea wapi, nazo huzifunika zile za rangi. Wakati wa safari zizimwe.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA UNUNUZI

Glopu tatu za zamani za wati 10 kila moja hutumia ampea 2.5 katika betri ya volti 12. Kwa usiku wa saa 10 ni ampea-saa 25, yaani nusu ya betri ya ampea-saa 50. Taa tatu za LED za wati 2 kila moja hutumia ampea-saa 5 tu kwa muda huohuo. Lakini isitiwe LED nyeupe nyuma ya kioo cha rangi kilichotengenezwa kwa glopu, kwani rangi hubadilika. Nyekundu itiwe katika nyekundu, na kijani katika kijani. Kupaka kioo rangi kusifanywe kabisa.

Waya uwe wa nyuzi nyingi za shaba, si ule mgumu wa nyumbani, ambao hukatika kwa mtikisiko. Kwa taa ya wati 25 iliyo mita 12 toka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu asilimia 5 ya nguvu ya volti, na taa hufifia. Wa milimita za mraba 2.5 hupoteza karibu asilimia 3, na huo ndio ufaao.

HATUA ZA KAZI

1. Waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza.

2. Kila waya uwekewe alama kabla ya kufunguliwa.

3. Shaba iliyogeuka nyeusi au kijani ikatwe hadi ifikiwe safi. Ikiwa imeharibika kote, waya ubadilishwe. Waya mpya ufungwe kwenye ule wa zamani na kuvutwa nao ndani ya mlingoti.

4. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, kwenye waya wa chanya. Taa za tanga na taa za mashine ziwe na swichi na fyuzi zake mbalimbali.

5. Maungio yabanwe kwa vibanio vya shaba na kufunikwa maji yasiingie. Kusokota na kufunga tepu hakutoshi.

6. Kabla ya kuingia katika taa, waya uning'inie chini kidogo ili maji yadondokee hapo.

7. Usiku, mashua ikiwa ufukoni, mtu aizunguke kwa mbali. Mbele kabisa aone nyekundu na kijani. Kila ubavu rangi yake peke yake. Nyuma nyeupe tu. Ajaribu pia tanga likiwa limetwekwa, ahakikishe kwamba haliifuniki taa yoyote.

WAJIBU WA CHAMA

Taa, betri na waya viandikwe katika daftari la mali, na stakabadhi zake zihifadhiwe. Glopu na fyuzi za akiba ziingizwe katika makisio yanayopelekwa Mkutano Mkuu, zisingojewe hadi taa izimike. Masharti ya cheti cha chombo yaulizwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Zaidi ya hayo, Bodi imteue mtu mmoja wa kuzikagua taa kabla ya kila safari ya usiku na kutia sahihi. Taa isipowaka, au ikiwaka kwa rangi isiyo yake, mashua isiondoke hadi itengenezwe. Mzigo waweza kungoja asubuhi. Mwanachama aliyegongwa gizani harudishwi na Mkutano Mkuu wowote.