Kiapo cha Ndoa na Dhamiri ya Karani

Karani wa serikali ameketi mezani pake. Mbele yake wamesimama wanawake wawili wenye hati zote zinazotakiwa, wakiomba kufungishwa ndoa. Sheria yamwamuru; imani yake yamkataza. Afanyeje?

Swali hilo lilizuka Afrika Kusini. Wanawake wawili wa Pretoria, walioishi pamoja zaidi ya miaka kumi, waliiomba mahakama itambue muungano wao kuwa ndoa. Katiba ya 1996 ilikwisha kataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia ya ampendaye, lakini kiapo kilichomo katika Sheria ya Ndoa ya 1961 kilitaja mume na mke tu. Jumuiya za Wakristo zilizojiunga na kesi zilishika kwamba ndoa ni agizo la Mungu, wala mahakama haina idhini ya kuigeuza.

Tarehe 1 Desemba 2005, Mahakama ya Katiba mjini Johannesburg ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, yule mpigania uhuru aliyepoteza mkono kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988. Sachs hakuwabeza waumini. Alikiri kwamba dini ndiyo nguzo ya maisha ya watu wengi, ila maandiko ya dini hayawezi kuwa kipimo cha haki za raia wote. Hakuna kasisi wala shehe atakayelazimishwa kufungisha ndoa iliyo kinyume cha imani yake. Bunge lilipewa miezi 12. Likishindwa, maneno "au mwenzi" yangeingia yenyewe katika kiapo.

Sheria mpya ilianza tarehe 30 Novemba 2006, ikiwa imebaki siku moja! Lakini kifungu cha 6 kiliwaruhusu hata maofisa wa serikali kumwandikia Waziri kwamba dhamiri yao yakataa. Matokeo yake, katika baadhi ya ofisi hakupatikana wa kuwafungisha ndoa watu hao, nao wakaambiwa wajaribu kwingine.

Hapo ndipo penye ugumu, na askari ataufahamu upesi. Aitwapo usiku kuamua ugomvi, haulizi kwanza dini ya aliyepigwa. Hata hivyo, mtu havui imani mlangoni kama avuavyo kofia, na karani yule naye hakuwa mnafiki.

Mwaka 2020 kifungu hicho kilifutwa. Kasisi angali na hiari yake madhabahuni. Karani, mezani pake, hana tena.