Mkopo Ukifika Baada ya Mvua

Andiko la mradi wa mikopo midogo hueleza vikundi vitakavyoundwa, fedha zitakazokopeshwa na tarehe ya kufunga hesabu. Ahadi yake ni kwamba biashara zitapanuka, watu wataweka akiba na uchumi wa wilaya utakua. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko, zilikuta matokeo ya wastani: baadhi ya biashara zilikua, ila kipato cha kaya hakikupanda sana.

Mwanzo kwa kawaida huwa mzuri. Vikundi husajiliwa, katiba huandikwa, na sanduku la kufuli tatu hununuliwa, kila ufunguo na mshikaji wake. Ugumu uko kwenye kalenda. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na hapo ndipo mbegu na mbolea zinatakiwa. Lakini barua ya kijiji, fomu za wadhamini na idhini ya makao makuu kila moja ina foleni yake, na fedha zinaweza kutoka Februari. Mkulima huzipokea hata hivyo, maana ada ya shule nayo inasubiri. Mwezi unaofuata marejesho yanaanza, mahindi yakiwa bado shambani. Kwenye taarifa, lengo limefikiwa ndani ya muda.

Muda ukibana, mafunzo ya kutunza hesabu ndiyo huachwa kwanza, kisha wakala wa kupokea marejesho aliyeahidiwa karibu na kijiji. Anayeishi mbali hulipa nauli ya bodaboda kwenda kurejesha.

Gharama za mkopeshaji nazo hupanda kwa sababu inayoeleweka: kumfuatilia aliyekopa laki mbili ni kazi ileile ya kumfuatilia aliyekopa milioni ishirini. Pengo huzibwa kwa ada ya fomu, bima ya mkopo na riba isiyopungua. Chukua laki tano kwa miezi 10, riba asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wote: rejesho ni 60,000. Mwezi wa mwisho deni la msingi lililobaki ni 50,000, lakini riba ni 10,000 ileile, yaani asilimia 20 ya deni hilo. Mkopaji anastahili kuonyeshwa hesabu hii kabla ya kusaini.

Naona ratiba ya marejesho ndiyo ya kurekebishwa kwanza: mkulima alipe riba kila mwezi, na deni la msingi baada ya kuuza mavuno.