Pumzi Isiyokatika

Mtoto wa Kiuyu, kule pwani, hahitaji kuingia kanisani ili aijue siri ya kinanda cha mabomba. Huchuma jani la mpapai, akalikata bua lake lenye uwazi ndani, kisha akapuliza juu ya tundu kama apulizavyo chupa. Bua hulia. Akiziba tundu la chini kwa kidole, mlio hushuka karibu oktava nzima, maana hewa iliyozibwa hutikisika kana kwamba imo katika bua refu mara mbili. Wajenzi wa vinanda wanaitumia hila hiyohiyo. Bomba lililo wazi la mita 2.4 hivi hutoa mlio mzito wa mitikisiko kama 65 kwa sekunde. La mita 1.2, likizibwa juu, hutoa mlio uleule kwa nusu ya madini.

Kazi ni pumzi. Pumzi ikiyumba, mlio nao unayumba. Mpiga zumari alishalijua hilo: hujaza mashavu hewa, na pua inapovuta nyingine, mashavu husukuma ile ya akiba. Mhunzi naye hufua kwa mivukuto miwili, mmoja ukijaa mwingine ukitema. Ctesibius, fundi wa Iskandaria katika karne ya 3 K.K., alitumia maji: pampu zilisukuma hewa ndani ya chombo kilichofudikizwa majini, na uzito wa maji yaliyopanda ukaibana hewa hiyo isilegee. Naam, kinanda tunachokiona cha Wazungu kilizaliwa Misri, Afrika hii hii. Baadaye maji yaliachwa, ikaja mivukuto ya ngozi iliyokandamizwa kwa mawe au vyuma.

Joto la pwani lina ugomvi wake. Katika nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzi 30, mita 349. Kwa hiyo mabomba yanayolia kama filimbi hupanda kiasi cha theluthi ya nusu-toni. Lakini mabomba yenye ulimi wa shaba, ndugu wa zumari, hayapandi nayo, kwa kuwa ulimi ndio unaoamua mlio. Saa nane mchana kinanda kimoja huwa kinabishana chenyewe, na fundi huyarekebisha ya ulimi, kwa kuwa ni machache, yawafuate wenzao. Mpiga zumari akisikia ametoka nje ya sauti, hubana midomo kidogo tu, ngoma ikaendelea.