Jiko rahisi, gharama kubwa: Hesabu ya moto Kigoma na Ujiji

MLAJI wa Kigoma anayekwenda soko la Mwanga au Ujiji kununua jiko kwa kawaida huuliza swali moja: bei gani? Akishatajiwa bei ya jiko la bati tupu na bei ya jiko lenye kibakuli cha udongo ndani, huchukua lile la bei ya chini na kwenda zake akiamini amebana matumizi. Kwa mahesabu ya biashara, hajabana kitu. Amejifunga kulipa zaidi kila siku atakapowasha moto.

Jiko hununuliwa mara moja, lakini nishati hununuliwa kila siku. Bei ya jiko ni mtaji. Mkaa, kuni au gesi ni gharama za uendeshaji. Mtu anayenunua mashine ya kukamulia mawese haangalii bei ya mashine peke yake, bali huuliza pia inakunywa mafuta kiasi gani. Swali hilohilo ndilo linalofaa kuulizwa mbele ya fundi wa majiko.

Katika nchi za baridi, jiko la kuni hununuliwa ili kupasha nyumba joto. Huku kwetu kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambalo liko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari, hakuna anayehitaji kupasha sebule. Jiko ni la kupikia. Lakini ukipanda kuelekea Kasulu, Heru Juu au Manyovu, mambo hubadilika. Usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi, na jiko lililopika ugali jioni ndilo watu wanaloota moto usiku. Kwa hiyo mkoa mmoja una wanunuzi wa aina mbili: wa mjini anayenunua mkaa kwa fedha taslimu, na wa milimani anayetumia kuni na kutafuta joto pia. Hesabu zao hazifanani.

HESABU YA MKAA

Tuanze na wa mjini. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi ubavuni. Ndiyo maana ukilisogelea linakuunguza miguu. Katika kila sehemu 100 za joto lililomo kwenye mkaa, ni kama 20 tu zinazofika kwenye sufuria. Jiko lenye kibakuli cha udongo wa kuchoma huzuia joto lisitoke ubavuni, na hufikisha kwenye sufuria sehemu 30 hivi. Jiko la namna hii lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuchukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, kisha likaenea Tanzania, Uganda na Rwanda. Siku hizi mafundi wa bati wanaolijua wapo katika miji mingi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu za bei ni za kuonyesha njia tu. Msomaji aweke bei ya mtaani kwake. Tuseme nyumba inatumia kilo 2 za mkaa kwa siku katika jiko la bati, na kilo moja ni shilingi 700. Jiko la udongo likipunguza matumizi kwa asilimia 30, nyumba inaokoa kilo 0.6, yaani shilingi 420 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 12,600. Ikiwa jiko la udongo limezidi lile la bati kwa shilingi 12,000, tofauti hiyo inarudi kabla mwezi haujaisha. Kwa mwaka mzima akiba inafika shilingi 153,300. Hata kibakuli kikipasuka baada ya mwaka mmoja, mnunuzi amekwisha kupata faida. Ni biashara chache zinazorudisha mtaji kwa siku 29.

Kwa nini basi watu wengi hawanunui? Jibu ni ukwasi. Mwenye shilingi elfu chache mkononi asubuhi hawezi kuzifunga kwenye jiko wakati watoto hawajanywa uji. Mtu huyohuyo ndiye anayenunua mkaa kwa kopo au kwa sado, na anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa bei ya juu zaidi kwa kilo. Mwenye uwezo wa kununua gunia hulipa nafuu. Kwa hiyo mwenye kipato cha chini hupigwa mara mbili: mkaa wake ni ghali zaidi, na jiko lake linaula haraka zaidi.

Dawa ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa. Nunua sado moja ya mkaa, ipime kwenye mizani ya muuza duka jirani, kisha gawanya bei kwa kilo. Fanya hivyo kwa wauzaji wawili au watatu. Kipimo cha ujazo huficha mengi: mkaa wa miti myepesi hujaza chombo upesi lakini hauna uzito, na uliolowa maji unakuuzia maji.

KUPIMA JIKO KABLA YA KULIPA

Si kila jiko lenye udongo ni bora. Gonga kibakuli kwa kidole: kilichochomwa vizuri hulia kama chungu kizima, chenye sauti nzito huenda hakikuiva au kina ufa. Tazama matundu ya chini: yakiwa madogo mno majivu yatayaziba, yakiwa makubwa mno makaa yatadondoka. Fungua na funga mlango wa hewa. Usiofungika hauna maana, kwa sababu kupunguza hewa chakula kikianza kuchemka ndiyo nusu ya akiba yenyewe.

Kisha liweke chini na ulisukume. Anayesonga ugali wa muhogo anajua nguvu inayohitajika. Jiko linaloyumba litamwaga sufuria, na mara nyingi wanaoungua ni watoto. Mwisho, nunua kwa ukubwa wa sufuria yako. Jiko kubwa chini ya sufuria ndogo linapasha hewa.

KUNI NA VILIMA

Upande wa kuni, wengi bado hupikia mafiga matatu. Mafiga hayana bei, lakini katika kila sehemu 100 za joto la kuni, ni kama 12 tu zinazofika kwenye chungu. Jiko banifu la matope au matofali, lenye chumba cha moto kilichozibwa pande zote na mlango mdogo wa kuni, laweza kufikisha sehemu 25 likijengwa vizuri. Hapo mzigo wa kuni wa siku mbili unafanya kazi ya siku nne. Kwa mama na mabinti wanaobeba mizigo hiyo, siku mbili hizo ni saa za shamba au za shule.

Lakini jiko zuri haliwezi kuokoa kuni mbichi. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na moto hutumia nguvu kuyachemsha kwanza kabla ya kupika chochote. Kuni zilizopasuliwa na kukaa mahali pakavu penye upepo kwa miezi kadhaa hushuka hadi asilimia 20 au chini yake. Uingereza, ambako majiko ya kuni ni ya kupasha nyumba, mwaka 2021 ilianza kuzuia katika England uuzaji rejareja wa kuni zenye maji zaidi ya asilimia 20. Sababu ilikuwa moshi. Hapa kwetu hakuna anayempima muuza kuni, kwa hiyo mnunuzi ajipimie: kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, na mbili zikigongana hutoa mlio mkali.

Jambo moja huwashangaza watu wa mjini. Kwa msitu, kuni ni nafuu kuliko mkaa. Tanuri la udongo la porini hutumia kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Tukichukua kilo 8, zaidi ya robo tatu ya joto la mti huishia porini kabla gunia halijafungwa. Kuni hizohizo 8, zikikaushwa na kuchomwa katika jiko banifu, zingepika zaidi ya mara tatu ya chakula kinachopikwa na ile kilo moja ya mkaa. Mkaa hupendwa kwa sababu ni mwepesi kusafirisha, hauna moshi mwingi na hauhitaji ghala kubwa. Hizo ni sababu halali za kibiashara, lakini gharama yake inalipwa na vilima.

Mwambao wa Kigoma umeshaona malipo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vilivyozunguka Hifadhi ya Gombe vilikuwa vimebaki karibu vitupu, na mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mradi wa TACARE wa kupanda miti na kusaidia vijiji, ukiwamo ujenzi wa majiko yanayotumia kuni kidogo. Wilayani Kasulu, kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 iliongeza maelfu ya mafiga katika eneo moja. Kilima kikibaki kitupu, mvua hushusha udongo mashambani na ziwani. Hasara hiyo haiandikwi kwenye bei ya gunia.

BARIDI YA MILIMANI

Kwa wanaohitaji joto la nyumba, onyo ni moja na halina mjadala: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukimbia, kwa sababu hasikii kitu. Mkaa uliofunikwa majivu ili ukae hadi asubuhi ni hatari vilevile. Dirisha kuachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Nyumba ya baridi inahitaji jiko la kuni lenye dohani inayopeleka moshi juu ya paa. Lijengwe kwenye ukuta unaotenganisha jiko na sebule. Matofali na udongo hufyonza joto wakati wa kupika na kulitoa polepole usiku. Dohani isafishwe masizi mara kwa mara, na inapopita kwenye paa la nyasi izungushiwe nafasi na udongo ili paa lisishike moto. Aliyejenga jiko banifu bila dohani amepunguza kuni, lakini moshi bado anao. Na moshi huo unaua: Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini kutokana na nishati chafu za kupikia.

GESI INALIPA LINI?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa Kigoma, swali ni umbali. Gesi ya mitungi si ile ya Songo Songo au Mtwara. Huagizwa nje, hushushwa bandarini, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Bei yake hufuata soko la dunia na nauli ya lori.

Hata hivyo, usiikatae kabla ya kupiga hesabu. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo 3 hivi za mkaa katika jiko la udongo, na ya kilo 4 na zaidi katika jiko la bati. Kwa hiyo chukua bei ya kilo ya mkaa, zidisha kwa 3 au kwa 4 kufuatana na jiko ulilo nalo. Ikiwa kilo ya gesi iko chini ya hapo, gesi ni nafuu. Mtungi wa kilo 6 unalingana na mkaa wa kilo 17 hadi 26. Nyumba nyingi zitaona faida katika kuchanganya: gesi kwa chai ya asubuhi na dagaa, jiko la udongo kwa maharage. Na maharage yenyewe yakilowekwa usiku kucha hupunguza muda wa moto bila kugharimu senti.

NAFASI KWA WAFANYABIASHARA

Soko hili lina pengo ambalo halihitaji mfadhili. Mlaji anashindwa kununua jiko bora kwa sababu ya shilingi elfu kumi na mbili, huku akipoteza kiasi hichohicho kila mwezi. Muuza mkaa anayemwona mteja wake kila siku anaweza kumkopesha jiko na kukusanya shilingi 400 juu ya kila siku ya mauzo. Kwa mfano wetu deni linaisha kwa siku 30, na mteja hatoi hata shilingi moja zaidi ya aliyokuwa akitumia. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vinaweza kufanya hivyo kwa zamu. Naye muuza kuni atakayetenga banda, akausha kuni zake na kuziuza kwa kilo badala ya fungu, atakuwa na bidhaa ambayo jirani yake hana.

Kwa mlaji, shauri ni fupi. Kabla ya kuuliza jiko ni bei gani, uliza litakula kiasi gani kwa mwezi. Fundi asiyeweza kujibu, mwombe aliwashe mbele yako na mchemshe maji sufuria moja, mkaa ukiwa umepimwa.